Kuku wana chokaa tele, mbona maganda bado membamba?

MfugajiWaAlfajiri

Wakuu, habari za kazi. Nina kuku wa mayai, sasa wamepita wiki ya 70 tangu waanguliwe. Utagaji wenyewe haujashuka sana, tatizo langu ni ganda. Kila asubuhi nikifungua banda nakuta mayai mawili matatu chini ya vitulio, tepetepe, yamevaa utando tu, mengine yameshadonolewa. Yale yenye ganda nayo siyaamini: ukiyapanga kwenye trei unasikia mlio mdogo, tayari kuna ufa. Kwa ndani hayana neno. Kiini kimesimama, ute mzito, na yai lenyewe ni kubwa kuliko walivyokuwa wakitaga mwanzo.

Nimekuwa nikiongeza chokaa ya unga kwenye chakula, nikaongeza tena, mpaka sasa wanabagua. Wanadonoa punje na kuacha unga mweupe umeganda chini ya chombo. Ganda halijabadilika. Juzi nimemkuta mmoja amelala ubavu, miguu haimshiki, lakini macho yako hai na anakula nikimsogezea.

Nawalisha mara moja, asubuhi na mapema. Ikifika saa saba au saa nane mchana vyombo vimeshakuwa vitupu, na hapo hawali tena hadi kesho. Maji yapo muda wote. Chanjo walipata zote, hakuna anayekohoa wala kutoa makamasi, kinyesi ni cha kawaida.

Mtakaonipa dawa nitashukuru, lakini ninachotaka hasa ni kuelewa. Ganda ni chokaa, na chokaa wanayo tele. Sasa inakwenda wapi?

KijanaBandani

Pole mkuu. Hilo nimeliona sana. Waongezee DCP, ule unga wa madini wa daikalsiamu fosfeti, na uwape dawa ya salfa kwenye maji siku tano, maana mara nyingi kunakuwa na maambukizi kwenye mrija wa mayai hata kama kuku hawaonyeshi dalili. Chokaa peke yake haifanyi kazi bila DCP.

MamaGanda

Ndugu MfugajiWaAlfajiri, swali lako la mwisho limenishika. Nimefanya kazi kwenye maabara ya lishe ya kuku sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi yenyewe imekuwa ganda la yai: kulipima uzito, kulipima unene, kulivunja, na kumpasua kuku ili kujua lilikotoka. Nitajibu kwa urefu, univumilie.

Naanza na salfa kwa sababu hiyo haingoji. Kijana wangu, nia yako njema naiona, lakini dawa za jamii hiyo zinaweza kumfanya kuku mzima kabisa atage yai lisilo na ganda. Ganda ni kalsiamu kaboneti, asilimia 94 au 95 hivi. Kalsiamu inaletwa na damu. Ile kaboneti kuku anaitengeneza palepale kwenye kifuko cha ganda, kwa kaboni dayoksaidi na maji, na kimeng'enya kinachoharakisha kazi hiyo kinaitwa kaboniki anhidresi. Baadhi ya salfa hukizuia kimeng'enya hicho. Tena mabaki ya dawa huingia kwenye yai ambalo mtu atalila. Kuhusu DCP, kalsiamu inayo, ila sababu hasa ya kuiweka kwenye chakula ni fosforasi, na fosforasi ikizidi ganda linaharibika. Nitaeleza sababu nikifika kwenye mifupa.

Sasa chokaa yako. Nyingi inakwenda kwenye kinyesi, na inakwenda huko mchana, kabla ya saa ambazo kuku anaihitaji.

Fuata yai moja. Tuseme kuku ametaga saa mbili asubuhi. Baada ya nusu saa hivi kiini kingine kinaachiliwa na kuingia kwenye mrija. Kinavishwa ute kwa muda wa saa tatu, kisha tando mbili kwa saa moja na zaidi kidogo, na ikifika saa saba mchana yai laini limeshuka kwenye kifuko cha ganda. Wengi hudhani ujenzi unashika kasi hapohapo. La. Kwa saa kama tano za mwanzo yai linaingiza maji na chumvi mbalimbali, linajaa mpaka utando unakazika, na chembe za kwanza za kalsiamu zinajishika kwenye utando wa nje. Kasi yenyewe inaanza jioni giza likiingia, na inaendelea usiku kucha. Karibu na mwisho rangi inawekwa, kisha ule ute mwembamba wa juu unaokauka yai likishatoka. Gramu mbili na kidogo za kalsiamu zimetumika, nyingi kati ya hizo kuku akiwa amelala kwenye kitulio na chombo hakina kitu.

Damu haina uwezo wa kubeba mzigo huo kwa akiba yake. Kuku anayetaga ana kalsiamu kwenye damu mara mbili au tatu ya asiyetaga, miligramu 20 hadi 30 katika kila desilita, ila kifuko cha ganda kinavuta miligramu 100 hadi 150 kwa saa. Piga hesabu: yote iliyomo kwenye damu ingekwisha kabla ya nusu saa. Lazima ijazwe mfululizo, na inatoka sehemu mbili tu, utumbo na mifupa.

Utumbo wa kuku haufyonzi kwa kiwango kimoja siku nzima. Ganda lisipokuwa linajengwa, hufyonza kama asilimia 40 ya kalsiamu iliyoliwa. Ganda likiwa linajengwa, hufika asilimia 70 hivi. Unga wako unapotelea hapo. Chokaa laini huyeyuka upesi kwenye tindikali ya tumbo, hupita firigisi bila kukaa, na kufika utumboni asubuhi na adhuhuri wakati mwili bado haujaiita. Chokaa ya chenga, zile za milimita 2 hadi 4, haipiti hivyo. Firigisi inazishikilia chenga, na tindikali inaziyeyusha polepole, saa baada ya saa.

Ungesimama nami mezani ungeliona kwa macho. Weka makundi mawili ya kuku, chakula kimoja, kalsiamu ileile kwa hesabu, tofauti iwe ukubwa wa chembe za chokaa tu. Pasua firigisi kabla ya mapambazuko. Ya aliyekula unga ina majimaji ya kijani na manjano pamoja na maganda ya nafaka yaliyosagika, basi. Ya mwenzake inakwaruza kisu unapoikata. Ndani unakuta chenga zimepungua, kona zake zimeliwa zikawa mviringo, na ukizisuuza zinabaki nyeupe kiganjani. Huyu alikuwa bado anajenga ganda kwa chakula cha jana. Yule wa kwanza alikuwa anajenga kwa mifupa yake.

Mifupa ndiyo inayomhusu huyo wako aliyelala ubavu. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, estrojeni, yaani homoni ya kike, ikianza kupanda, mtetea hujenga mfupa wa aina ya pekee ndani ya uwazi wa mifupa mirefu, hasa paja na muundi. Ukipasua paja la jogoo kwa urefu unaona uwazi na uboho. Ukipasua la kuku anayetaga, ndani kumejaa vijiti vya mfupa, vyembamba mno, vimelowa damu, na ukipitisha ncha ya sindano unahisi vinakatika kimoja kimoja. Kyes na Potter waliueleza mfupa huu mwaka 1934 kwa njiwa jike. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake wakatangaza kwamba wameukuta ndani ya paja la dinosaria, Tyrannosaurus rex, na kwa alama hiyo wakasema alikuwa jike aliye katika msimu wa kutaga. Kila nikilikumbuka hilo nafurahi upya. Kinachotokea bandani kwako kila usiku kina umri wa mamilioni ya miaka.

Mfupa huo ni kama ghala: unachotwa usiku, unajazwa mchana. Sehemu ya ganda inayotoka humo inaweza kufika asilimia 30 hadi 40, na kuku aliyeshiba vizuri anaurudisha kesho yake. Lakini mfupa ukiyeyushwa kalsiamu haitoki peke yake, inatoka pamoja na fosforasi, na fosforasi hiyo inatakiwa itolewe nje na figo. Ukiwa umemjazia DCP, damu tayari ina fosforasi nyingi, na uchotaji kwenye mfupa unakwama. Usiiondoe kabisa lakini, maana bila fosforasi mfupa haurudi.

Ubaya unaingia kwenye ule mfupa mgumu wa nje, unaobeba mwili. Kuku akiwa kwenye utagaji, estrojeni ikiwa juu, anaacha kuujenga mfupa huo. Hujenga ule wa ndani tu. Usiku ambao firigisi haina kitu, seli zinazoyeyusha mfupa hazichagui, zinakula na huo mgumu, na ukiliwa haurudishwi maadam anaendelea kutaga. Mwili mzima wa kuku una kalsiamu ya gramu 20 hivi. Kila yai linaondoka na kama sehemu ya kumi ya hiyo. Fikiria mwaka mzima na zaidi wa kutaga, vyombo vikiwa vitupu kuanzia saa nane mchana.

Huyo aliyelala, mtenge. Mweke kwenye matandazo makavu, chakula na maji mdomoni pake, na chenga za chokaa kwenye kisahani pembeni. Wengine husimama tena baada ya siku kadhaa, hasa kama uti wa mgongo haujavunjika. Ukiona anateseka na haendi mbele, usimwache aendelee hivyo.

Kwa banda zima, rudisha kalsiamu kwenye kiwango cha kuku wa umri huo, asilimia 4 hadi 4.5 ya chakula chote. Anayekula gramu 110 zenye asilimia 4.2 amepata gramu 4.6, zinamtosha. Ukipita hapo unapunguza nguvu na protini katika kila donoo, na unazuia zinki na manganizi zisifyonzwe, na hizo mbili nazo zinahitajika kwenye ganda: zinki iko ndani ya kile kimeng'enya nilichokitaja, manganizi inahitajika kutengeneza wavu wa protini na sukari ambao kalsiamu inajipanga juu yake. Katika chokaa yote, theluthi mbili iwe chenga na theluthi moja unga.

Halafu gawa chakula. Hili nalipa uzito kuliko chenga zenyewe. Kiasi kikubwa kiwepo kuanzia saa tisa alasiri, na waende kulala vyombo vikiwa bado na kitu. Mongin na Sauveur, watafiti wa Ufaransa, waliandika mwaka 1974 juu ya kuku waliotengewa chokaa mbali na chakula ili wajichagulie. Walipokuwa na ganda la kujenga, waliifuata hasa saa za mwisho wa mchana. Kuku anajua anachokihitaji na saa anayokihitaji. Ukimpa nafasi ya kula jioni, kazi nyingine ataifanya mwenyewe.

Kabla hujabadili chochote, chukua mayai kumi, pima kila moja, yavunje, osha maganda, yakaushe vizuri, uyapime. Ganda zuri ni asilimia 9 hadi 10 ya uzito wa yai. Andika. Rudia baada ya wiki mbili. Bila namba hizo utakuwa unabishana na macho yako.

MzeeWaSindano

Mama ameeleza vizuri sana, nami naongeza upande wa magonjwa, maana mimi ni mganga wa mifugo na nimeona watu wakihangaika na chokaa miezi mingi kumbe tatizo ni virusi.

Namna tatizo lilivyoingia ndiyo inayonipa mwelekeo. Ganda likidhoofika taratibu kadiri kuku anavyozeeka, na mayai yakawa makubwa, hiyo ni kawaida ya umri: yai linakua, lakini kiasi cha ganda anachokitoa kinabaki karibu kilekile, kwa hiyo kinatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Yako inafanana na hiyo. Ikiwa kwa siku chache tu banda zima limebadilika, utagaji ukaporomoka na maganda yakawa na mikunjo na vinundu, hapo nafikiria bronkaitisi ya kuambukiza. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1931, kwa vifaranga wenye shida ya kupumua, lakini virusi vyake huharibu pia mrija wa mayai. Ukivunja yai la kuku mwenye ugonjwa huo ute unatawanyika kama maji. Wewe umesema ute ni mzito, hilo limenipa moyo.

Kuna mwingine tunaouita EDS 76 (Egg Drop Syndrome, ugonjwa wa kushuka kwa utagaji), uliotambuliwa mwaka 1976. Unaletwa na virusi vya jamii ya adenovirusi. Huo ni mjanja kwa sababu kuku wanabaki wachangamfu kabisa, wanakula, wanakunywa, ila mayai ya kahawia yanapoteza rangi kwanza, kisha yanakuwa laini au hayana ganda kabisa, na idadi inashuka. Kuku wa mayai ya kahawia wakianza kutaga mayai meupemeupe ghafla, ita mganga achukue damu. Mdondo nao unaweza kuharibu maganda hata kwa kuku waliochanjwa, kama kinga imeshuka.

Nakuomba pia uangalie mashudu na nafaka kama zina ukungu. Sumukuvu ya aflatoksini huumiza ini, na vitamini D3 inaanza kubadilishwa ndani ya ini kabla ya kwenda kumaliziwa kwenye figo. Ini likiumia, utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo hata ikiwepo. Tuliamka kuhusu sumu hii mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Kuku wa mayai ni wagumu kuliko batamzinga, hawafi upesi, ila wanadhoofika bila kelele.

ShambaniKwetu

Naomba kuuliza kitu hapo kwenye vitamini D. Kuku wanaotembea juani wanahitaji ya kwenye premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula? Na je, maganda ya mayai yenyewe, nikiyasaga nikawarudishia, ni sawa na chokaa?

MfugajiWaAlfajiri

Nawashukuru sana, Mama na Mzee. Nimepima kama nilivyoelekezwa. Mayai kumi, wastani wa yai ni gramu 66, wastani wa ganda gramu 5.1. Kwa hesabu yangu hiyo haifiki hata asilimia 8. Rangi ya mayai haijabadilika na ute umesimama, kwa hiyo nimeanza na ulishaji. Asubuhi nawapa kidogo, kingi kuanzia saa tisa, na nimepata chokaa ya chenga. Nimeshangaa walivyoivamia. Wamekuja wote kwenye chombo hicho jua likishuka, na wale waliokuwa wamezubaa kwenye vitulio wakashuka.

Yule mgonjwa leo amesimama akiegemea ukuta. Bado hatembei.

Nina mawili yamebaki. Huu ni msimu wa joto, mchana wanahema mdomo wazi, mabawa wameyaachia. Je, hilo linaingia kwenye hesabu ya ganda? Na la pili, banda la pili nina mitetea wa wiki kumi, nao wamekuwa wakila kutoka mfuko huohuo wa wakubwa ili nisichanganye vyakula viwili. Naona wanakua vizuri tu.

MamaGanda

Asante kwa namba. Gramu 5.1 kwa yai la 66 ni ndogo kweli, na sasa una pa kuanzia kupima. Na nimefurahi sana huyo kuegemea ukuta. Mwache aendelee kupumzika, usimrudishe kwa wenzake mpaka ashuke na kupanda mwenyewe bila kuyumba.

Joto linaingia, tena kwa nguvu. Kuku hana tezi za jasho, anajipoza kwa kuhema. Akihema kwa kasi anafukuza kaboni dayoksaidi nyingi kuliko anayoitengeneza, na damu inapoteza ukali wake wa tindikali. Kumbuka kaboneti ya ganda inatokana na nini: hiyohiyo kaboni dayoksaidi anayoipuliza nje. Damu ikibadilika hivyo, hata kalsiamu iliyomo hujifunga zaidi kwenye protini, na inayobaki huru kwa ajili ya kifuko cha ganda inapungua. Juu ya hayo anakula kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Odom na wenzake, waliwanywesha kuku maji yaliyotiwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwenye joto kali, na maganda yakaboreka. Simwambii mtu anunulie kuku soda. Nalitaja kwa sababu linaonyesha tatizo liko wapi: kuku huyo amepungukiwa na gesi, na chokaa ukimwongezea haimrudishii.

Utakachofanya wewe ni kupunguza kuhema kwenyewe. Fungua upepo kwenye kimo cha kuku, maana hewa inayopita darini haiwafikii. Maji yawe baridi, yabadilishwe mchana. Chakula usiwape katikati ya joto, kwa kuwa kusaga chakula kunazalisha joto ndani ya mwili. Hapo ulishaji wa alasiri unakusaidia mara ya pili. Magadi soda ya kuokea mikate, yaani sodiamu baikaboneti, yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya chumvi ya kawaida kwenye chakula, yakaongeza sodiamu bila kuongeza kloridi. Kloridi ikizidi ganda linaumia. Ila hesabu hiyo ifanywe na anayekutengenezea chakula, kwa mizani. Ukipata taa, wako wanaowasha saa moja hivi katikati ya usiku wakati wa joto kali ili kuku washuke wale na kunywa kukiwa na ubaridi. Inafanya kazi, mradi uiwashe saa ileile kila usiku na uache giza la kutosha kabla yake na baada yake.

ShambaniKwetu, kuku wa juani wanatengeneza vitamini D3 yao wenyewe, na hasa kwenye ngozi ya miguu isiyo na manyoya. Kwa kuku anayetembea nje mchana kutwa hilo ni jambo kubwa. Lakini akishinda kivulini kukwepa joto, au amefungiwa, ategemee premiksi, na iandikwe D3. Vitamini D2, ile itokayo kwenye kuvu na mimea, ndege hawaitumii vizuri kabisa, hata kama inafaa kwa wanyama wengine. Vitamini hupungua nguvu ikikaa muda mrefu kwenye joto, kwa hiyo premiksi ya zamani iliyowekwa chini ya bati usiitegemee. Kazi ya D3 iliyokamilishwa na figo ni kuuamuru utumbo utengeneze protini inayobeba kalsiamu, kalbindini, ambayo Wasserman na Taylor waliitambua mwaka 1966 kwenye utumbo wa vifaranga. Bila protini hiyo chenga zote tulizozisema zitapita kama mawe.

Maganda ya mayai, ndiyo, ni kalsiamu kaboneti ileile na kuku anaitumia vizuri. Yachemshwe au yaokwe kwanza ili vimelea vife, na yavunjwevunjwe hadi yasifanane na yai, ila usiyasage yakawa vumbi, umeshajua kwa nini. Kumbuka tu hayatoshi peke yake: ganda analolitoa leo halirudishi kile ambacho mwili haukukifyonza njiani.

Ndugu, nimeacha mitetea mwisho kwa sababu hao ndio wamenitia wasiwasi. Kukua vizuri hakukuonyeshi kilichomo ndani. Mtetea wa wiki kumi anahitaji kalsiamu ya asilimia 1 hivi, na wewe umekuwa ukimpa zaidi ya mara nne yake, pengine zaidi ulipokuwa ukiongeza unga. Hana yai, hana ganda, wala hajaanza ule mfupa wa ndani, kwa hiyo kalsiamu iliyoingia mwilini lazima itoke kwa figo. Nimewapasua mitetea wa namna hiyo. Figo, ambazo kwa kawaida ni kahawia nyororo na zimejificha kwenye mashimo ya mfupa wa nyonga, zinakuwa zimevimba upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, mirija ya mkojo imejaa kitu cheupe kinachokwaruza, na wakati mwingine moyo na ini vimefunikwa na unga mweupe wa asidi ya yuriki. Wengi wa hao walikuwa wakila na kutembea hadi karibu na mwisho. Sehemu ya figo iliyokufa hairudi, na wengine hufa baadaye wakiwa katikati ya utagaji, mwenye kuku asijue sababu.

Kwa hiyo leo hii watoe kwenye mfuko wa wakubwa, wapewe chakula cha kukuzia, maji mengi safi. Usiwape chenga za chokaa hata pembeni. Wakifika wiki mbili hivi kabla ya kuanza kutaga, ukiona upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu na mifupa ya nyonga inaachana ukiigusa kwa vidole, hapo wape chakula cha mpito chenye kalsiamu ya asilimia 2 hadi 2.5, ndipo wajenge ule mfupa wa ndani. Cha kutagia chenyewe kianze mayai ya kwanza yakionekana. Na ukipoteza mtetea hata mmoja kabla ya hapo, mpelekee Mzee au mganga aliye karibu nawe akiwa bado hajaoza, amfungue aangalie figo.

MzeeWaSindano

Naunga mkono. Ukimleta, mweke kwenye ubaridi, usimgandishe. Barafu inaharibu figo kiasi kwamba hatutaona kitu. Na uandike alikuwa anakula nini, tangu lini.